Sufuria ya bukari ilivyokaribia kummaliza Papa: dialize ya tumbo, mji ukiwa moto

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Najua jina langu humu linanuka uongo. Ule uzi wa mwalimu wa hesabu na nyuki, sawa, nilitia chumvi. Huu hauna hata punje, maana Papa mwenyewe, baba yangu, amekatazwa chumvi.

Twende.

Figo za Papa zilikufa polepole kwa presha. Mashine za kuosha damu ni chache na foleni ni ndefu, basi daktari akamwekea mrija mwembamba tumboni. Nyumbani unaunganisha mfuko wa maji maalumu, sisi tunauita poshi. Maji yanaingia tumboni, yanakaa masaa, yanavuta uchafu, unayatoa. Mara nne kwa siku.

Nani alifundishwa kazi hiyo? Mimi, msichana niliyefukuzwa darasani mara mbili kwa kucheka. Mama mikono inamtetemeka, na kaka yangu akiona mrija anaanguka.

Muuguzi wetu, Mama Odile, alinikazania wiki nzima: "Nawa mikono, vaa barakoa, funga mulango. Hakuna mutu anaingia!"

Hapo nikagombana na mtaa. Kwetu Makomeno mgonjwa anatembelewa, wakuu! Kina mama wa kanisa wanakuja sita sita, wanataka kumshika Papa mkono na kuliona hilo tumbo lenyewe. Nikabandika karatasi mlangoni: ATAKAYEINGIA ATAOGESHWA KWANZA. Walikasirika, wakaimbia sebuleni.

Mambo yakaenda vizuri. Papa akapata mashavu, akarudia kunigombeza kwa nguvu zake zote.

Kisha mji ukavurugika. Risasi katikati ya mji, maduka yamefungwa, shule imefungwa (hapo sikulia), watu wanabeba magodoro bila kujua wanaenda wapi. Umeme ukakatika. Kesho yake hakuna. Keshokutwa hakuna.

Sasa, maji ya poshi yakiingia baridi, Papa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Tulizoea kuyapasha kwa blanketi la umeme. Bila umeme je?

Nikajiona nina akili. Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikachemsha maji kwenye sufuria ya bukari, yaani ugali wetu, nikaepua, nikatumbukiza poshi nzima nzima, mpaka mdomo wake.

"Aah, leo iko moto muzuri!" Papa akasema. "Huyu mutoto atakuwa injinia."

Injinia wa matanga.

Siku ya nne maji yaliyotoka tumboni yalikuwa kama yaliyooshea mchele. Mama Odile alishaniambia: weka maandishi nyuma ya poshi, ukishindwa kusoma, kimbia hospitali. Nikaweka daftari la historia. Sikuona hata neno.

"Mwandiko wako iko siku zote vile," Papa akanitania, kisha akajikunja kwa maumivu. Mwili wake ulikuwa unachoma.

Teksi hakuna. Jirani yetu Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini, akatoa pikapu yake na kufunga kitambaa cheupe kwenye kioo.

"Risasi niliziacha kule," akasema akiwasha gari, "zimenifuata huku kama mke wa kwanza."

Papa akacheka, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

Hospitali daktari hakuzunguka. Maambukizo yameingia ndani ya tumbo. Ataweka antibiotiki ndani ya poshi zenyewe. Siku ya tano ya dawa maji yakiwa bado na ukungu, mrija unatolewa. Bila mrija, Papa anarudi kwenye foleni ya mashine, na wiki ile mashine zenyewe zilikuwa zinangoja mafuta ya jenereta.

Mlielewa hapo? Mimi nilielewa.

"Uchafu umeingilia wapi?" daktari akauliza. "Nani anapasha poshi?"

Papa hakunitazama. "Ni mimi, dokta. Nilikosea."

Wakuu, baba yangu hajui hata sufuria zetu zinakaa wapi! Alikuwa ananifunika. Daktari akaanza kumfundisha yeye, polepole, wakati mikono itakayorudi kufanya kazi ile nyumbani ni hii yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nina kipaji hicho.

"Anadanganya," nikasema. "Ni mimi. Niliichovya kwenye sufuria, maji yakafunika mpaka mdomo."

Nikangoja kofi. Mama Odile akanivutia kiti. "Asante, mutoto wangu. Tungetibu huku, nawe unaingiza vidudu kule. Keti, tunaanza upya. Poshi inapashwa kavu. Maji isiiguse."

Siku ya pili, ukungu. Siku ya tatu, ukungu. Sikutoa mzaha hata mmoja, Mama akadhani nami naumwa. Siku ya nne nikasoma sentensi nzima nyuma ya poshi. Ya tano, ukurasa.

Mrija ukabaki. Dawa ziliendelea kwa wiki mbili, na sasa Papa yuko nyumbani anauliza matokeo yangu ya mtihani, jambo ambalo antibiotiki haikutibu.

Nilichojifunza: ukikosea kwa mgonjwa, sema siku ileile, usingoje anayekupenda akubebee kosa. Nyumbani hatuchovyi tena. Mama anaizungushia poshi kitenge kikavu na kuikumbatia chini ya blanketi kama kuku anayeatamia. Mama Odile ameona, amecheka, amekubali.

Ila umeme bado ni wa kubahatisha. Wenye mgonjwa wa namna hii, niambieni: siku za giza mnapasha vipi? Jibuni haraka, maana Mama analalamika mgongo, na Papa ameanza kuionea wivu poshi.