Kuku wa Matoleo

Bernadina alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya kigango cha Endamarariek tangu hajaolewa, na viganja vyake vilikuwa na sugu za kweli. Basi mwaka wa themanini na sita Inosenti, mtoto wa kaka yake, akarudi kutoka Arusha na mavitu yake, akamwondoa kwenye ngoma mchana kweupe.

"Shangazi, pumzika. Siku hizi hakuna kutoka jasho."

Akabandika kidude kama kifungo juu ya ngozi ya ngoma kwa plasta, akakiunga waya hadi kwenye sanduku, na sanduku kwenye spika na betri ya gari. Ngozi ikitetemeka, kidude kinahisi, waya unapeleka habari, sanduku linatoa mlio wake lenyewe: puuu! Ngoma haitakiwi hata kukohoa. Akaishindilia shuka kuukuu tumboni ili inyamaze.

"Kumbe kazi ya ngoma ni kulipigia sanduku hodi tu?"

"Ukiigusa kwa kidole, inalia!" Inosenti akajigamba, akizungusha kitufe cha sanduku hadi mwisho.

"Kwa kidole! Mwanamume mzima!" Bernadina akasonya. Lakini moyoni aliumia. Misa ya mavuno, na yeye aketi benchi la wanawake kama mgeni!

Siku ikafika. Watu wakatoa mahindi, maharage, na kuku wazima wazima. Padri akainua mikono, kanisa kimya. Kuku mmoja akajinasua kwenye kamba, akaruka, akatua juu ya ngoma.

Puuu!

Akashtuka, akatapatapa. Puu-puu-puuu! Waumini wakaangua kicheko hadi watoto wakalia. Inosenti akamkimbilia, akajikwaa kwenye waya, akaukata. Wimbo wa shukrani ukawadia. Akapiga ngoma kwa mikono yake laini. Pf, pf. Kama anakung'uta godoro.

"Shangazi," akanong'ona, jasho likimtiririka, "tusaidie."

Bernadina akaenda polepole, makusudi. Akailaza ngoma, akachomoa shuka, akalitazama. Lo! Lilikuwa lake, lililopotea kwenye kamba ya kuanikia. Akamtupia Inosenti mabegani, akakunja mikono ya gauni, akapiga. Kanisa likaimba.

Mchana kwaya ikala kwa Padri. Bernadina akawekewa paja la kuku yuleyule. Akalisogeza kwenye sahani ya Inosenti.

"Kula wewe, mwanangu. Mimi siwezi kumla mpiga ngoma aliyekushinda."