Habari za Baba

Kila nikisikia harufu ya karanga zinazokaangwa, namkumbuka mgeni aliyetuletea habari za baba.

Baba alikuwa amevuka mpaka kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba, na tulikuwa tumesikia kwamba shimo la mgodi wao limeporomoka. Mchana mmoja mwenzake wa kazi, akirudi kwao Ibaba, akapita nyumbani. Mama alikuwa akikaanga karanga. Akamkaribisha kwenye kigoda, naye akaanza kusimulia tangu asubuhi ya siku ile: ukungu ulivyotanda, uji waliokunywa, utani wa baba wakisubiri kuitwa kazini. Alikuwa msimuliaji hodari, wala hakuwa na haraka. Mimi nilimtazama mama. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi mwake na karanga zilikuwa zinaungua.

Bibi, mama yake baba, akamkatiza. "Niambie kwanza, mwanangu yuko hai?"

Mgeni akashtuka. "Yuko hai, mama! Kavunjika mguu tu. Nilidhani mmeshajua."

Mama akaketi chini palepale, akacheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Haya, shemeji," akasema, "sasa anza upya. Usiruke kitu."

Akaanza upya, kwa maneno yaleyale na mwendo uleule wa polepole. Nikaegemea mapaja ya mama, na kabla wanaume hawajashuka shimoni, nilikuwa nimeshalala.