Nilimfuta Mama Nembo Usoni

Nimekosa, tena nimemkosea marehemu ambaye hawezi kunisamehe. Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita, mdogo wangu Somoe bado ananyonya. Hakuacha picha hata moja. Alikuwa Mmakonde wa Newala, amechanjwa nembo mashavuni na kwenye paji la uso kama wasichana wa zamani. Watoto wa mtaani kwetu Mbagala walikuwa wakimzomea, "Mama ramani! Mama ramani!" Ndiyo maana kila akiona kamera alijifunika kanga.

Mwaka huu nimejiunga na darasa la uchoraji la watu wazima, nijifunze kuchora maua ya vitambaa. Mwalimu akatuambia tumchore mtu tunayemkumbuka. Nikamchora mama kwa penseli, na nembo zake zote. Jamani, akatoka kama boga! Mwenzangu wa dawati akacheka.

"Shoga, huyo mama yako au kinyago? Lete simu, akili mnemba ikuchoree."

Nikaandika maelezo. Picha ikaja, nembo zimekaa kama mikwaruzo ya makucha ya chui. Nikaona aibu ileile aliyokuwa akiiona mama. Nikaandika: ondoa alama usoni.

Akatoka mwanamke mzuri, mashavu laini, anatabasamu. Nikamnakili kwa rangi, nikamkabidhi mwalimu. Ile ya penseli niliwashia jiko la mkaa, nikachemsha chai. Lo, mkono huu!

Mwalimu akaibandika ukutani. Siku ya maonyesho akaja Somoe, ambaye sikuwahi kumsimulia habari za nembo. Alisimama mbele yake, akalia mpaka akakaa chini.

"Dada, ndiye huyu?"

Ningesema hapana. Nikasema, "Ndiye."

"Kumbe pua nimechukua kwake! Mbona ulikuwa unaninyima sura yake siku zote?"

Hapo ndipo nilipojifungia mlango, na ufunguo sijui nimeutupa wapi.

Sasa Somoe anaolewa. Picha ameitia kwenye fremu, na ukumbini itakaa kwenye kiti cha mama mzazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anaisalimia, "Shikamoo, mama." Mie nipo jikoni nasikia, naosha vyombo vilivyokwisha kutakata.

Mama mdogo anakuja kutoka Newala. Huyo alichanjwa siku moja na mama, kwa fundi mmoja. Atamtazama yule wa kwenye kiti, ataniuliza mbele ya wakwe, "Mwanangu, huyu mgeni ni nani?" Nikimwahi Somoe nikamwambia ukweli, nitakuwa nimemfisha mama mara ya pili. Nikinyamaza, nitafedheheka mbele ya watu, na yeye pamoja nami.

Wiki iliyopita nilichukua penseli nimrudishie mama nembo zake. Nikafumba macho nimwone. Ole wangu! Akaja yule wa kwenye simu, mashavu laini. Mistari ya mama ilianzia puani au sikioni? Sijui tena. Mie niliyekuwa nikilala shavu langu juu ya lake, sijui!

Wenzangu, kama mna marehemu asiye na picha, mchoreni kwa mikono yenu. Msione haya akitoka kama boga. Mie boga langu ndilo lililokuwa mama, nikalichoma nipate chai.