Nani huamua mambo yako? Rufaa yetu ya viza na siku Auntie alipojiita yaya

Wakuu, "Nani huamua mambo yako?"

Hilo swali niliulizwa na afisa wa viza pale Nairobi nikiwa na miaka kumi na sita. Naandika yaliyonipata mimi mwenyewe, bila chumvi, kwa sababu naona humu watu wamenyimwa viza za watoto na tayari wamekata tamaa. Mapema mno.

Background kidogo.

Mama alienda Uingereza kufanya uuguzi nikiwa darasa la pili, miaka ya tisini. Akapata makazi ya kudumu. Mimi nikabaki Kyumbi, karibu na Machakos, kwa dada yake mdogo, Auntie Mbithe, aliyekuwa na hoteli ya chapati na muthokoi (mahindi yaliyokobolewa na maharagwe) kwa madereva wa malori.

Sheria ya Uingereza wakati huo: mzazi aliye kule athibitishe kwamba jukumu la mtoto ni lake peke yake. Mimi ningejuaje?

Afisa alipouliza, nikamrudishia, "Mambo gani?" (Ndiyo, nilikuwa hivi hata wakati huo.)

"Ya shule, kwa mfano."

"Auntie ndiye husaini."

Wakaninyima. Sababu: mlezi halisi ni Auntie, si mama.

Kuomba upya kungechelewa. Jibu lao lilipofika nilikuwa nakaribia kumi na nane, na ukifika hapo wewe si mtoto tena kwao. Ilibaki appeal tu.

Mimi na Auntie tukaenda kwa wakili, Machakos mjini, aandike ushahidi wake.

"Mama, huyu akitaka kwenda trip ya shule, nani hukubali?" wakili akamuuliza Auntie.

"Dada yangu. Napiga simu, nangoja aseme."

"Alipougua?"

"Daktari alitaka kumtoa tonsils. Nikamwambia angoje mwenye mtoto apige simu."

"Na nywele?"

"Hata nywele."

Nikaingilia. "Auntie, ni wewe ulinikataza kuweka dawa!"

"Nyamaza, Mwende. Alikataza mama yako, mimi nilikuwa mdomo tu."

Wakili akasoma sentensi ya mwisho: sina usemi juu ya mtoto huyu.

Nikasema hiyo si kweli, umenilea miaka yote hii.

"Kulea na kuamua ni vitu viwili. Kwani yaya ndiye mama?"

"Wewe si yaya!"

"Leo mimi ni yaya. Wakili, leta nisaini."

Kesi ilisikizwa kule kule Uingereza. Mama akasimama mbele ya jaji, karatasi ya Auntie ikasomwa, tukashinda. Nikasafiri.

Nilichojifunza: soma sababu waliyokupa, kisha jibu hiyo hiyo. Watu hupeleka picha za birthday na risiti za pesa walizotuma. Hakuna aliyewauliza kama wanapendana. Wanauliza nani ana neno la mwisho.

Aliyepitia haya aseme. Anayeona nimekosea anipinge, ubishi naupenda.

Nyongeza moja. Juzi, miaka mingi baadaye, mama aliniambia kitu ambacho yeye na Auntie hawakumwambia hata wakili. Mwaka mmoja kabla ya ile interview, Auntie, ambaye hakubahatika kupata mtoto, alimpigia simu akimwomba aniache kwake kabisa.

Mama alikataa, na Auntie hakuuliza tena.