Baba Mkwe Alipoketi Juu ya Tairi

Kwetu Kisondela, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hasemi naye. Vijana wa Tukuyu mjini wanacheka, eti mambo hayo yamekwisha. Waje wakae kwangu. Mzee wetu akikaribia hukohoa njiani, nami huacha chochote nilichoshika nikakimbilia jikoni.

Siku ile nilikuwa chini ya Landrova yetu ya kubebea ndizi. Ufundi niliupata kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa na gereji Ibighi. Mume wangu ni dereva hodari, ila bushi ya springi inakaa wapi hajui. Bamba moja la springi ya nyuma lilikuwa limekatika. Nilishapiga jeki, nikafungua tairi, nikaishusha springi, na yeye akaenda mjini kutafuta bolti mpya. Mvua ikaanza kumwaga. Kisha nikasikia kikohozi.

Sikuwahi kutoka. Banda letu la gari limezibwa pande tatu, na pale penye uwazi ndipo mzee alipokuja kujibanza asilowe. Akaketi juu ya tairi nililolifungua. Niliona gambuti zake tu, karibu na uso wangu. Alidhani nimeshajificha, kama siku zote.

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Hii ni kazi yangu, gari ninalitengeneza mimi, halafu nalala matopeni kama mwizi kwa sababu mzee anakwepa mvua! Neno moja tu lingetosha. Halikutoka.

Maji yakaingia bandani. Udongo wa kwetu ukilowa hauna msimamo, na jeki, ingawa niliiweka juu ya ubao, ikaanza kuzama upande mmoja. Chasisi ikashuka taratibu mpaka ikagusa ovaroli yangu kifuani. Gogo la kuegemezea lilikuwa pale pale kwenye miguu ya mzee, na mkono wangu haukulifikia. Niliogopa kufa, na bado niliona aibu kuita. Nikagonga chuma kwa spana.

Gambuti zikashtuka, zikasimama. Kisha gogo likasukumwa kwa mguu, polepole, mpaka likakaa chini ya chasisi.

Nilipochungulia, mzee alikuwa ametoka nje, mvuani. Alikuwa amevua koti na kujifunika kichwa kizima. Kwa desturi, anayejifunika ni mimi.

"Pita, mwanangu," akasema ndani ya koti.

Nikatambaa, nikapita karibu yake nikitiririka tope na grisi, nikaingia jikoni na kusimama nyuma ya mlango. Nilitaka sana kumwambia ndaga, asante ya kwetu, na sikuwa na ruhusa hiyo.

Akaondoka. Alipofika njiani, akakohoa.

Nami nikakohoa.