Dada Sita, Msomaji wa Tiketi za Wenzake

Saa tano kasoro robo asubuhi. Mwanamke mwenye koti la kijani anasimama mbele ya kibanda cha uchapaji nje ya geti la uwanja wa ndege, simu mkononi. Anataka nakala ya tiketi yake tu. Ndege inaruka saa saba, na kaunta ya mizigo inafungwa saa sita.

Mwenye kibanda haigusi printa. Anazisoma herufi sita zilizo juu ya tiketi, anaziingiza kwenye tovuti ya shirika la ndege pamoja na jina la ukoo, kisha anatazama kioo cha kompyuta. Anatazama tena. Anavuta kiti cha plastiki kwa mguu.

"Mama, keti kwanza."

"Mwanangu, sina muda wa kukaa."

"Ndiyo maana nakwambia keti."

Huyu ndiye Dada Sita. Jina hilo alipewa na madereva wa teksi, kwa sababu ya zile herufi anazowauliza wasafiri kabla hata ya salamu kuisha. Ana miaka arobaini na moja, watoto wawili, na mwaka wa tisa katika kibanda hiki chenye upana wa hatua tatu. Kwa siku huhudumia watu kama arobaini, kila mmoja kwa bei ya soda mbili. Wanne kati yao, anasema, hufika na safari yenye kasoro na hawajui.

"Karatasi ni picha ya jana," anaeleza. "Wapo wanaoitia plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Lakini tiketi ya siku hizi haikai kwenye karatasi, inakaa kwenye kompyuta yao. Huko ndiko mambo hubadilika wewe umelala."

Leo yamebadilika. Kwenye simu ya mama huyu kuna ndege, tarehe na saa. Kwenye kompyuta hakuna ndege. Kuna jina lake, na chini yake mstari mmoja: msafiri amekataa mabadiliko, wasiliana na ofisi.

"Mimi sijakataa kitu," anasema mama. "Nikatae vipi, na mwanangu ananingoja?"

Mwanawe wa kwanza yuko hospitali, nchi ya mbali, figo zote mbili zimechoka. Mama ndiye atakayempa moja. Vipimo vya mwisho ni kesho asubuhi, upasuaji keshokutwa. Ndege inayofuata ni baada ya siku tatu.

Dada Sita anauliza swali analowauliza wengi. "Tiketi hii uliituma kwa nani?"

"Kwenye kundi la ukoo tu. Wapate kuniombea."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Sitini na kitu."

Dada Sita anafumba macho kidogo. Kwa herufi sita na jina la ukoo, yeyote kati ya hao sitini anaweza kufungua safari ile kama anavyofungua mlango wa jikoni kwake. Mama anapiga simu ya kwanza, ya pili. Ya tatu inapokewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ukoo mzima humwita Wakili ingawa mahakama anaijua kwa nje tu. Simu inawekwa kwa sauti ya juu.

"Shemeji, uliingia kwenye tiketi yangu?"

"Niliingia kukuchagulia kiti cha dirishani, upumzishe macho," Wakili anajibu kwa fahari. "Nikakuta wanataka kukusogezea ndege ya pili, ile utakayounganisha njiani, dakika arobaini mbele. Wameandika, unakubali au unakataa? Nikasema hapa hatuchezewi. Nikakataa."

Mama anaishusha simu mezani.

"Na huyu ni msomi wetu," mama anasema polepole, kama anajisemea.

"Shemeji? Kwani vipi? Kiti si umepata?"

Dada Sita anaichukua simu kwa adabu na kuikata. Anachukua kalamu na kuandika, kwa sababu anajua mtu mwenye hofu husikia nusu ya maneno.

"Tazama hapa, mama. Herufi sita ni nafasi yako. Hizi tarakimu kumi na tatu huku chini ndizo tiketi yenyewe, ndiyo malipo yako. Shemeji ameua nafasi. Tiketi iko hai. Tunakwenda kuitafutia nafasi nyingine."

Anafunga kibanda, wateja watatu wakiwa kwenye foleni. Hakuna anayelalamika. Mmoja anabeba sanduku la mama hadi dirisha la ofisi ya tiketi.

Tofauti hiyo ya herufi na tarakimu Dada Sita hakuifundishwa darasani. Miaka kumi iliyopita aliuza cherehani yake apate kwenda kufanya kazi ng'ambo. Wakala alimpa karatasi yenye jina lake na herufi sita, tarakimu hakuna. Nafasi ilikuwa imeshikiliwa tu, haikulipiwa, na ikafutika yenyewe. Alilijua hilo akiwa kaunta, amevaa viatu vipya.

"Nilikaa kwenye benchi lile la hapo getini hadi jioni," anasema. "Niliona aibu kurudi nyumbani na sanduku."

Saa tano na dakika ishirini, foleni ya dirishani ina watu saba. Dada Sita anaomba radhi kwa mmoja mmoja, bila kupaza sauti. "Ana mgonjwa. Kaunta inafunga saa sita." Wanampisha.

Karani anatazama. "Nafasi zimebaki mbili." Anaandika. Kompyuta inakwama. Anajaribu tena. "Sasa imebaki moja."

Mama ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Dada Sita ameweka mkono mgongoni pake. Hapa maarifa yake yanafika kikomo. Anajua kusoma tu, anayeweza kuandika yuko upande wa pili wa kioo.

Saa tano na dakika arobaini na moja karatasi inatoka. Dada Sita anaisoma kabla ya mwenyewe: jina kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, herufi zilezile sita, tarakimu kumi na tatu, na neno "imethibitishwa".

"Kimbia, mama. Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi, ukiketi ndegeni nibipu. Na kundini usitume kitu mpaka utue."

Anarudi kibandani, anafungua, anachapa nakala za watu. Simu ameiweka juu ya printa, kioo kikitazama juu.

Mwezi ujao atafanya mtihani wa cheti cha ukataji tiketi. Amesoma usiku kwa miezi minane, watoto wakimwuliza maswali. "Nimechoka kumweleza mtu kilichoharibika, halafu nimwombe mwingine akitengeneze," anasema. "Nataka kukaa upande ule wa kioo."

Saa saba kasoro dakika nane, simu inatetemeka mara moja na kunyamaza. Dada Sita haipokei. Anaigeuza kifudifudi, anamtazama mteja aliye mbele yake.

"Nisomee herufi sita, kaka yangu."