Waridi Shee na Kompyuta Iliyogoma Saluni

Saa tatu asubuhi, chai haijapoa, na Waridi Shee, fundi wa kujenga kompyuta, tayari amekasirika.

Kilichomkasirisha kimepanda ngazi kikiwa kimekumbatiwa kama mtoto mchanga. Ni kasha la kompyuta, kioo mbele, kioo ubavuni, taa za rangi kila pembe. Ndani hamna kitu. Aliyelibeba ni Quincy, kijana wa Kangemi anayefanya kazi katika kampuni ya bima, naye anatabasamu.

Waridi hatabasamu. Anamuuliza ni nini kingine alichokwisha kununua. Quincy anatoa mkobani prosesa, ubongo wa mashine, aliyouziwa na rafiki yake, na RAM, kumbukumbu yake, aliyoiona mtandaoni kwa bei ya kutupa. Bodi ya kuviunganisha hana.

"Bado najipanga," anasema. "Si unajua, haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba hujazwa nafaka moja," Waridi anamjibu. "Wewe umetia mahindi, mchele na kokoto. RAM hii na prosesa hii haziwezi kukaa bodi moja. Ulimuuliza nani?"

Hakumuuliza mtu. Aliona video.

Anayeishi Nairobi hahitaji kuelezwa sana chanzo cha hasira hii. Nyumba zetu tunazijenga hivyo hivyo. Mtu ananunua ploti Kitengela, mwaka huu analeta lori la mawe, mwaka ujao mabati, na geti kubwa la chuma linasimama kabla nyumba haijapata ukuta. Sasa tumehamia kwenye kompyuta za kuchezea gemu, na geti lenyewe ndilo hilo kasha la kioo.

"Jiwe la mwaka juzi bado ni jiwe," anasema Waridi. "Kipande cha kompyuta cha mwaka juzi kinaweza kukataa kabisa kukaa na cha mwaka huu. Halafu mtu ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyevigombanisha."

Kibanda chake kiko ghorofa ya pili ya jengo moja katikati ya jiji, katika safu ya vibanda vya kioo ambavyo mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Hata hicho si chake peke yake. Nusu ya kaunta ni ya Kihara, muuza kava za simu, na wateja wa Kihara huegemea vitu vya Waridi bila kuomba radhi. Kwa kukosa nafasi, kompyuta nyingi huzifungulia mapajani.

Akiachiwa achague mwenyewe, huanzia mahali pasipoonekana. Huuliza kwanza ni gemu gani na ni skrini gani mtu atatumia. Kisha huchagua pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, kwa sababu ndicho watu hukibania pesa na ndicho huunguza vingine vyote. Hapo ndipo huja kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, na prosesa, zilizopimwa nguvu pamoja, halafu bodi, RAM na diski. Kasha huja mwisho, kwa chenji iliyobaki.

Wateja wake wengi wana laki moja hivi. Waridi huwaita watu wenye akili wasio na mjomba Dubai. Shida ni kwamba wakishaona taa akili nayo huenda likizo. Mtu atatia zaidi ya nusu ya pesa zake kwenye kadi kubwa ya picha, kisha ataomba prosesa yoyote tu, hata kuukuu.

"Ukifunga punda wawili mkokoteni mmoja, mmoja mzima na mmoja mtoto, mkokoteni utakwenda mwendo wa yule mtoto," anasema. Amezaliwa Lamu, na mambo ya punda hana haja ya kuyasoma.

Alikuja Nairobi baada ya kidato cha nne, akafikia kwa shangazi yake Ngara, akapata kazi ya kuandika risiti katika duka la kompyuta la Shantilal, mfanyabiashara ambaye siku hizi amestaafu na anaishi Parklands. Kwenye meza ya risiti ndiko walikoanzia wateja wenye mashine mbovu. Walimfokea yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

"Nikaona kama nitatukanwa kila siku, basi nijue ninatukanwa kwa nini," anasema. "Nikaanza kubaki nyuma ya duka wakati wa chakula cha mchana, namtazama Mzee Shantilal akifunga mashine. Hakunifukuza. Aliniambia neno moja tu, kwanza tumbo, sura baadaye."

Neno hilo amelishika hadi leo, na wateja wake wamelisikia mpaka limewakinaisha.

Katika mwezi mzuri hujenga kompyuta sita au saba, na kila moja humwachia kama shilingi elfu nne baada ya nauli na vifaa. Biashara hii haina bango wala tangazo, ni jina tu. Mmoja akisema mashine ya Waridi ni nzuri, wawili watapanda ngazi. Mmoja akisema imezima, kumi hawatapanda. Na kwa muda wa miezi miwili sasa kuna anayesema imezima.

Huyo ni Annah, anayejulikana zaidi kama Mama Kibe, mwenye saluni katika Kenyatta Market, soko la wasusi na nyama choma. Wazo lake lilikuwa zuri. Kusukwa rasta ndogo ndogo huchukua karibu siku nzima, na wanaume wanaowaleta wake zao na wachumba wao hukaa wakipiga miayo, wakimaliza nyama choma wanarudi kupiga miayo tena. Mama Kibe akaona kona moja ya saluni inaweza kuwekwa kompyuta ya gemu, mtu alipie kila mechi, na mke asiharakishwe. Wenye saluni wanne wa safu ile ile wakasema watangoja waone.

Kwa Waridi, hao wanne ndio mpango wenyewe. Kuna chumba cha kufanyia kazi Ngara, chenye mlango na dirisha, ambacho mwenye nacho amekubali kumshikia hadi mwisho wa mwezi. Kompyuta nne zingetosha kumwingiza. Kwa hiyo ile ya Mama Kibe aliijenga kwa uangalifu kuliko zote, tumbo likashiba. Hata kasha la kioo lenye taa alilikubali, baada ya mabishano marefu, kwa kuwa mteja alitaka kitu cha kuvutia macho na pesa zilitosha.

Mashine ikazima wiki ya kwanza, katikati ya mechi. Ikapelekwa mjini, ikakaa kwenye kaunta siku nzima ikicheza bila kukohoa. Ikarudishwa sokoni, ikazima. Waridi akabadilisha pawa saplai kwa gharama yake, nzuri zaidi ya ile ya kwanza. Ikazima. Akalaumu umeme wa soko na mashine za kukaushia nywele, akaweka kifaa cha kutuliza umeme. Ikazima. Mama Kibe akaanza kuongea, kwanza kwa upole, kisha kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa soko.

"Wallahi nililia," anasema Waridi. "Si kwa huzuni. Ni kwa hasira. Mashine mgonjwa kwao, mzima kwangu. Kila nikienda naikuta inang'aa, imepanguswa, inafanya kazi. Nikiondoka tu, simu."

Leo anakwenda tena, na kwa mara ya kwanza hajapiga simu kusema anakuja. Simu yake imeisha chaji, kwa sababu ya mteja mwingine aliyebishana naye kwa simu asubuhi nzima kuhusu taa.

Saluni imejaa. Moshi wa nyama unaingia mlangoni, wasusi wameinama juu ya vichwa, na sakafu imetapakaa vipande vya nywele bandia. Kwenye kona, kijana mmoja anacheza mpira wa kwenye skrini. Kando yake ipo kompyuta. Au tuseme kipo kitambaa.

Ni kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni, kama vile vinavyofunika viti na televisheni katika kila sebule ya Kenya inayojiheshimu. Kimefunika kompyuta juu, mbele na nyuma, na kimekatwa vizuri kuacha nafasi ya kidude cha kuwashia. Waridi anaweka kiganja juu yake, anakitoa upesi. Ni moto kama sufuria.

Anavuta kiti cha kukaushia nywele, anakaa. Wasusi waliomzoea wanaanza kuogopa.

"Mama Kibe," anasema, "umeivisha sweta."

Mama Kibe anaeleza bila haya yoyote, kwa maana haoni kosa. Kitu cha bei hakiachwi uchi. Mama yake mzazi alikifuma wiki nzima, kwa ajili ya mashine hiyo hiyo. Mbona Waridi hakuwahi kukiona? Kwa sababu kila akipiga simu kwamba yuko njiani, Mama Kibe hukitoa na kukificha kabatini, anaifuta mashine, anafagia. Mgeni hapokewi kwenye vumbi.

Hapo Waridi anapandisha sauti. Anasema joto halina pa kutokea, anasema mashine hupumua kama mtu, anasema amenunua pawa saplai ya pili bure. Mama Kibe anamwacha amalize. Kisha anafungua upande wa kioo na kumwonyesha.

Feni za mbele zimesokotwa nywele. Nyuzi nyeusi, za kahawia, hata za zambarau, zimejizungusha kwenye mihimili kana kwamba feni zenyewe zilikuja kusukwa. Chini kumelala nywele nyingine, kama matandiko.

"Wiki ya kwanza ilizima hivi, kabla ya kitambaa," anasema Mama Kibe. "Wewe uliniuliza gemu gani, uliniuliza skrini gani. Itakaa wapi, hukuniuliza. Nikaona nywele zinaingia, nikaifunika. Wewe ungefanya nini?"

Waridi anaziinamia feni. Amewagombeza watu miaka yote kwa kuanzia sura, na yeye mwenyewe alijenga mashine ya saluni bila kukanyaga saluni. Kila alipokuja kuitazama, aliipata imefutwa, akaondoka haraka kulaumu kitu kingine. Hata pawa saplai aliibadilisha kwa kufungua nyuma tu.

"Nyani haoni kundule," anasema, na anasema kwa uchungu, si kwa mzaha.

Anazitoa nyuzi moja moja kwa koleo dogo. Anasema sasa kinahitajika kichujio cha mbele, wavu laini unaopitisha hewa na kuzuia nywele, na kwamba cha kasha hili hakipatikani mjini, labda kiagizwe. Mama Kibe anasikiliza, anafungua droo, anatoa kofia nyembamba ya soksi, ile wanayovaa wateja kichwani kabla ya kushonewa wigi.

"Hii hupitisha hewa," anasema. "Kichwa huwa hakitoki jasho."

Waridi anaivuta, anaitazama kwenye mwanga, anaipulizia. Anaudhika waziwazi kwamba inafaa. Wanaikata, wanaivuta juu ya feni za mbele, wanaibana kwa vibanio vya nywele. Kitambaa kinakunjwa na kuwekwa kabatini, safari hii moja kwa moja. Mashine inawashwa, na vikaushio vyote vya saluni vinawashwa nayo, kwa makusudi.

Inacheza hadi wateja wa mwisho wanafunguliwa mlango. Jioni Mama Kibe anaandika kwenye kundi kwamba imepona. Haandiki ilikuwa na nini, na Waridi hamwombi aandike.

Kati ya wale wanne, wawili wamekwisha kuagiza. Wote wawili wanataka kioo na taa. Waridi ameguna, amekubali, na amemwambia kila mmoja kwamba atakwenda kwanza kukaa saluni kwake nusu siku, bila kupiga simu. Mwenye chumba cha Ngara ameona ni mwanzo mzuri, na ufunguo ameahidi kumpa Jumatatu. Kitu cha kwanza Waridi atakachoweka humo ni benchi, ili mteja akae na kuulizwa kabla hajaonyesha alichonunua.

"Nataka mlango," anasema. "Niwe na mahali pa kukasirikia peke yangu."

Kwa sasa bado yuko kwenye kaunta ya Kihara, na Quincy wa Kangemi amerudi. Safari hii ametii. RAM ameibadilisha, kasha ameliacha nyumbani, na anataka kujua sasa ni kadi gani ya picha. Waridi anainua mkono.

"Ngoja. Kwanza, itakaa wapi?"

Quincy anashangaa, lakini anajibu. Itakaa sebuleni, kando ya televisheni, karibu na dirisha la barabarani. Vumbi lipo. Waridi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anauliza na nyumbani kuna nani.

"Niko na mamangu," anasema Quincy, na uso unamchangamka. "Amefurahia sana hiyo kompyuta. Ameanza hata kuifumia kitambaa. Cha bluu."

Waridi anaweka bisibisi chini. Anatazama dari. Kihara, ambaye kisa chote amekisikia zaidi ya mara moja, anajifanya anapanga kava.

"Mwambie amalizie," Waridi anasema mwishowe. "Lakini tutakitandika chini ya kompyuta."